Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Mtoto wa Pemba Asikatwe Alama kwa Lugha ya Mamaake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar,
Unguja.

Assalaam alaykum, Mheshimiwa.

Nakuandikia nikiwa Wingwi, Wilaya ya Micheweni, Pemba. Mimi ni mkutubi mstaafu, babu wa wajukuu wanaosoma, na mjumbe wa kamati ya skuli. Nimeiandika barua hii wazi kwa sababu ninalolisema si siri na si langu peke yangu, na pia kwa sababu barua ya bahasha huweza kupotea baina ya Chake na Unguja hata siku ambayo bahari ni shwari.

Ombi langu nalitanguliza ili usihangaike kulitafuta. Wizara itoe waraka, ukurasa mmoja unatosha, useme kwamba mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu asiadhibiwe, asichekwe wala asikatwe alama kwa kusema au kuandika Kipemba, Kitumbatu au Kimakunduchi, lahaja za Kiswahili za visiwani kwetu, na kwamba mwalimu amfikishe kwenye Kiswahili sanifu kwa kuanzia pale mtoto alipo. Basi. Sijaomba jengo, sijaomba gari, sijaomba posho ya semina.

Mjukuu wangu mmoja yuko darasa la pili. Siku moja alirudi na daftari, nikalifungua kama nifanyavyo kila jioni baada ya sala ya Alasiri. Waliambiwa waandike sentensi tano kuhusu kazi za nyumbani kwao. Sentensi ya kwanza aliandika: "Baba anavua kwa ntumbwi." Kaanza kwa herufi kubwa, kamaliza kwa nukta, na mwandiko umekaa juu ya mstari. Juu ya hiyo "ntumbwi" pamepigwa mkwaju wa wino mwekundu. Sentensi ya pili ilikuwa na "nkono", mkwaju. Ya tatu ilikuwa na "ntu", mkwaju. Katika tano alipata mbili, na chini mwalimu kaandika maneno mawili: "Jifunze Kiswahili."

Kiswahili gani tena, Mheshimiwa? Mtoto huyu tangu kuzaliwa hajapata kusema lugha nyingine. Mamaake hajui nyingine, bibi yake hakujua nyingine, na mimi niliyeshinda umri wangu kwenye vitabu nikiamshwa usiku kwa ghafla nasema hivyo hivyo alivyoandika yeye. Ukimwambia mtoto wa Kichaga au wa Kisukuma ajifunze Kiswahili, anakuelewa: ana lugha yake, na hii ni ya pili. Wa kwetu ukimwambia hivyo, unamwambia kwamba alichonacho mdomoni si lugha kabisa.

Mwalimu aliyepiga mikwaju ile simlaumu, na naomba asitafutwe. Naye ni Mpemba. Kengele ya mwisho ikilia, akifika barazani anasema "ntu" kama sisi sote. Lakini chuoni alikosoma ualimu alifundishwa kwamba hilo ni kosa, na mkaguzi akija atamkagua kwa kipimo hicho hicho. Hana karatasi yoyote ya Wizara ya kujikingia. Ndiyo maana naitaka karatasi.

Tukirudi nyuma kidogo, tutaona jambo hili limeanzia wapi. Mwaka 1928 palifanyika mkutano Mombasa kuamua Kiswahili cha vitabu vya skuli kiwe kipi kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mashindano yalikuwa baina ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, na Kiunguja cha mjini, na Kiunguja kikashinda. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia, vikafuata vitabu vya sarufi na makamusi. Wenye amri katika jambo lile walikuwa maofisa wa elimu wa kikoloni na wamisionari. Shida yao ilikuwa ya uchapaji: kitabu kimoja kisomeke Kampala na Lindi bila ya kuchapwa mara nne. Sina ugomvi nao hapo. Bila ya kazi ile nisingekuandikia barua hii ukaisoma bila ya taabu, na Kiswahili kisingefika kilikofika leo, hadi UNESCO ikakitengea siku yake, tarehe 7 Julai.

Ugomvi wangu ni na kilichofuata. Uamuzi wa wachapaji uligeuka, mwaka baada ya mwaka, ukawa hukumu juu ya watu. Kilichochaguliwa kikaitwa sahihi, na visivyochaguliwa, ambavyo vilikuwa vikisemwa visiwani kabla hata ya Mji Mkongwe kupata jina hilo, vikaitwa makosa. Kamange na Sarahani, washairi wawili wa Pemba ambao wanaojua ushairi wetu hawawezi kuwaruka, walitunga katika lugha ya kisiwa hichi. Wangekaa leo darasa la pili na madaftari yao, mikwaju mekundu ingewahusu.

Na ajabu ni kwamba Serikali yenyewe imeshakubali kuwa hizi si lugha za makosa. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, ambalo liko kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa mwaka 2004, limeshachapisha makamusi ya lahaja tatu: Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi. Fedha za umma zimetumika, wazee wameulizwa, maneno yamekusanywa na kufasiriwa kwa utaratibu. Nikiwa mkutubi nilifurahi mno, maana kwetu sisi wa rafu na kadi, kitu kikishakuwa na kamusi kimeshapata cheti cha kuzaliwa. Kisha mwalimu, naye mwajiriwa wa Serikali hiyo hiyo, analikata neno hilo hilo kwa wino mwekundu. Na skuli ninayoitumikia mimi haina nakala hata moja ya kamusi ya Kipemba. Sitaitaja kwa jina, maana najua haiko peke yake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wa ofisini hulijua lakini hawalisemi mbele za watu. Neno "Upemba" huku kwetu linaogopwa. Tangu ilipoanza siasa ya vyama vingi na uchaguzi wa 1995, mtu akisema "sisi Wapemba" msikilizaji huangalia kwanza rangi ya kofia yake. Tumepitia miafaka, tumepitia maridhiano, tukapiga kura ya maoni mwaka 2010 kukubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Baada ya yote hayo ofisa mwenye busara ataona afadhali asiguse chochote chenye harufu ya huku na kule. Nikimwambia tuiheshimu lugha ya Pemba skulini, atasikia kwamba natafuta kutugawa.

Nimeifikiri hoja hii kwa uadilifu, maana haikosi uzito. Mimi ni wa umri wa kuyakumbuka mengi. Lakini waliogombana baada ya chaguzi zetu, Mheshimiwa, hawakugombana kwa sababu mmoja alisema ntu na mwengine mtu. Waligombana kwa kura, kwa kazi, kwa ardhi, kwa nani anasikilizwa. Mtoto anayekatwa alama kwa lugha ya mamaake anajifunza mapema sana nani hasikilizwi. Akija kuwa kijana wa miaka ishirini akaenda Unguja kutafuta kazi, akaigizwa lafudhi yake kwenye daladala watu wakacheka, somo linakuwa limekamilika. Kama tunaogopa mgawanyiko, basi huo ndio mgawanyiko, na tunausomesha wenyewe kuanzia darasa la kwanza.

Angalia na jirani alivyofanya. Wavuvi wa kwetu wamekuwa wakienda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi, pwani ya Kenya tangu enzi za mababu, wengine wakaoa huko, wakazaa, wakazika. Vizazi vikapita watu wale hawana kitambulisho, hawawezi kumiliki shamba wala kufungua hesabu benki, na kila karatasi iliwataka wataje kabila ambalo halimo kwenye orodha. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wapemba kuwa miongoni mwa jamii za nchi ile. Mambo ya Kenya ni ya Kenya, na kuhesabiana makabila si mila yetu, wala sitaki tuianze. Lakini nikiwa nimekaa Wingwi napata taabu kumweleza mjukuu wangu kwamba ng'ambo ya bahari kuwa Mpemba kunaandikwa kwenye gazeti la Serikali, na hapa penye mkarafuu wa babu yake kunaandikiwa "Jifunze Kiswahili".

Kuna watakaosema: haki za jamii ndogo ni za makabila, na Wapemba si kabila, wala Watumbatu, wala watu wa Makunduchi, sote ni Wazanzibari na sote ni Waswahili. Sawa. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na zaidi ya nusu milioni kati yao wako Pemba, na haikumuuliza mtu kabila, kama ambavyo sensa za Tanzania haziulizi baada ya ile ya 1967. Naliunga mkono hilo kwa mikono miwili. Lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, katika kifungu chake cha 30 hauzungumzii kabila tu. Unataja na lugha, na unataka mtoto wa jamii ndogo asinyimwe kuitumia lugha yake pamoja na wenziwe. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu imo tangu 1976, unasema karibu hayo hayo katika kifungu cha 27. Wanasheria wakitaka wakae wabishane kama lahaja inaingia au haiingii, na kama nusu milioni ni wachache au wengi. Mjukuu wangu atakuwa ameshatoka skuli ya msingi kabla hawajamaliza.

Na hapo nimeizungumzia Pemba, ambayo angalau ni kubwa na ina watu. Hali ya wenzetu wawili ni nzito zaidi. Kitumbatu kina kisiwa kidogo cha Tumbatu, chenye Gomani na Jongowe, na vijiji vya ng'ambo ya Mkokotoni hadi Nungwi, ambako hoteli zimejaa ufukweni na kijana anayetaka kazi anahitaji Kiingereza na Kitaliano kabla ya lugha ya baba yake. Kimakunduchi, au Kikae kama wanavyokiita wenyewe, kiko ncha ya kusini ya Unguja. Kilipata bahati ya kuwa na mwanawe, Mzee Haji Chum, aliyekusanya msamiati wake ukachapishwa miaka ya 1960. Wageni wengi wanaijua Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya huko. Kila Julai wanamiminika, wanaume wanapigana kwa migomba, banda linachomwa moto, wanawake wanaimba, kamera zinamulika, na viongozi wetu wanakaa jukwaani kama wageni rasmi. Ni jambo zuri, nami nimekwenda zaidi ya mara moja. Ila nilijiuliza nikiwa pale: nyimbo zile ni za Kikae, na zinapigiwa makofi na jukwaa zima. Mtoto aliyeziimba akiziandika darasani baada ya likizo, atapata ngapi? Tumekuwa na utamaduni wa kuonyesha mgeni na lugha ya kumficha mkaguzi.

Wapo na wengine ambao lugha yao ya nyumbani si Kiswahili cha namna yoyote, kama familia za Kimakonde zilizoingia Unguja kwa kazi za mashamba na zikabaki. Hao nao ni Wazanzibari. Sikijui Kimakonde na sitajifanya msemaji wao, ila waraka ukiandikwa usiwasahau.

Nirudi darasani, maana naogopa utasema mzee huyu ni wa kulalamika tu. Sitaki Kipemba kiwe lugha ya mitihani. Sitaki vitabu vya Hisabati vya Kipemba. Mtoto wa kwetu lazima akijue Kiswahili sanifu, akijue barabara, ili asishindwe na mwenzake wa Dodoma. Swali ni njia. UNESCO imekuwa ikisema tangu mwaka 1953 kwamba mtoto aanze kusoma kwa lugha aliyokuja nayo kutoka nyumbani, na kwetu jambo hilo ni jepesi kuliko karibu pahala popote Afrika, kwa sababu umbali baina ya lugha ya nyumbani na ya kitabu ni mdogo mno.

Mwalimu achukue sentensi ile ile ya mjukuu wangu aiandike ubaoni. Apige mstari katikati ya ubao, upande mmoja aandike "tunavyosema", upande wa pili "inavyoandikwa kitabuni". Ntumbwi huku, mtumbwi kule. Nkono, mkono. Ntu, mtu. Mtoto wa miaka saba, na hili nalisema kwa kuwa nimelijaribu uani kwangu kwa kijiti na mchanga, anaona mwenyewe kanuni iko wapi kabla hujamwambia. Kisha anakuwa na mbili badala ya kuwa na moja anayoionea haya. Kazi ya nusu saa. Lakini mwalimu hawezi kuifanya kwa amani kama anaamini mkaguzi atamkuta na "ntumbwi" ubaoni akamwandikia ripoti.

Na tusisahau mtoto huyu anatupiwa lugha ngapi. Asubuhi skuli, jioni chuoni anasoma Kurani kwa Kiarabu. Sera ya Elimu ya 2006 ikaja na kuhamishia Hisabati na Sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mjadala wa Kiingereza nauacha, una barua yake na hasira zake. Nasema tu kwamba tukimwambia mtoto akiwa na miaka saba kuwa lugha ya kwao ni kosa, na akiwa na kumi na moja kuwa hata ile tuliyompa badala yake haitoshi, tusishangae akinyamaza. Nimekaa nyuma ya madarasa nikiwa mjumbe wa kamati. Watoto wanaopiga kelele uwanjani kama kunguru wanaingia darasani wanakuwa mabubu, na mwalimu anaandika kwenye ripoti "hashiriki".

Gharama zake sizioni. Waraka ni karatasi. Maelekezo kwa walimu yanaweza kutolewa kwenye vituo vya walimu ambavyo tayari vipo na tayari vina ratiba. Wakaguzi waongezewe mstari mmoja kwenye fomu yao. Makamusi ya BAKIZA yachapishwe tena yagawiwe, nakala mbili kila skuli ya msingi, moja kwa rafu na moja kwa mwalimu. Ikiwa hilo la uchapaji ndilo litakalouchelewesha waraka, basi liache, tutachangishana wenyewe tutoe kopi.

Kuna jambo jengine ambalo si ombi kwako, ni taarifa tu. Nimeanza kuwarekodi wazee kwa simu: wanawake wa mwani, wavuvi wa Kojani wanaopita hapa, na mzee mmoja wa Msuka ambaye hawezi tena kutembea lakini akianza kueleza maji ya bamvua na maji mafu, na samaki gani anakaa mwamba upi, huwezi kuondoka. Nusu ya majina anayoyataja siyakuti kwenye kamusi yoyote ya sanifu. Simu si pahala pa kuweka kitu cha namna hii. Inaanguka majini, inaibiwa, inajaa. Wanafunzi wa Kiswahili wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wangeweza kuifanya kazi hii vizuri kunishinda, na nakala zikawekwa Nyaraka za Taifa kule Kilimani, Unguja, na Makumbusho ya Pemba pale ngomeni Chake Chake. Kama kuna ofisi chini yako au ya mwenzako inayoweza kuzipokea, naomba nielekezwe ni mlango upi nibishe.

Mheshimiwa, kabla hujaukubali au kuukataa waraka, njoo Pemba. Usije siku ya sherehe. Njoo siku ya kawaida ya skuli, na usitangulize taarifa, maana ukitangulizwa watoto watakaririshwa, vumbi litafagiliwa na utasikia Kiswahili cha redioni kutoka mlangoni hadi mlangoni. Ingia darasa la pili, kaa nyuma, usiseme kitu kwa kipindi kizima. Kisha omba daftari lolote, la mtoto yeyote, uhesabu mwenyewe mikwaju mekundu, na uangalie ni mingapi imepigwa juu ya kosa la kweli.

Wako katika ujenzi wa nchi,

Babu na mjumbe wa kamati ya skuli,
Wingwi, Pemba.

Nakala:
Baraza la Kiswahili la Zanzibar
Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wa majimbo ya Pemba, Tumbatu na Makunduchi